TAA ILIYOZIMIKA SI RUHUSA YA KUPITA



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara, wala juu ya nyumba za landhi, wala juu ya saa za ziada. Twaandika juu ya kompyuta za hospitali. Twajua ya kuwa wengine wenu mkiona hivyo mtataka kugeuza ukurasa, mkisema, "Hayo ni mambo ya madaktari na watoto wa chuo kikuu, sisi ni watu wa reli." Twawaomba msigeuze. Someni kwanza habari ya mwenzetu mmoja, halafu mtoe hukumu.

Mwenzetu huyu ni mtu wa genge la njia, upande wa Muhoroni. Jina lake hatulitaji, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake. Zahanati na hospitali pia hatuzitaji, maana shabaha yetu si kumfukuzisha mtu kazi. Miaka kadhaa iliyopita alidungwa sindano ya penisilini katika zahanati iliyo karibu na kwake. Mwili ukavimba, pumzi ikataka kukatika. Mungu alimsaidia akapona. Daktari wa zahanati akaandika katika kompyuta yake ya kuwa mtu huyu asipewe penisilini tena maisha yake yote. Akaandika vilevile kwa wino mwekundu katika daftari lake, lile daftari la shule ambalo sisi sote hubeba tuendapo kutibiwa.

Mwaka jana mtu huyu aliangukiwa na slipa mguuni. Kidonda kikaharibika, homa ikapanda, na usiku mmoja zahanati ikampeleka hospitali kubwa mjini. Daftari lilisahauliwa nyumbani. Mke wake alitaka kurudi kulichukua, lakini akaambiwa asisumbuke, maana siku hizi habari za mgonjwa zinatangulia kwa mtandao. Na kweli zilitangulia. Alipofika mlangoni, jina lake lilikuwa kwenye skrini, na umri, na nambari ya kitambulisho, na presha, na habari za kidonda. Lakini katika kisanduku cha dawa ambazo mwili wake unazikataa hapakuwa na neno hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa anaweweseka kwa homa, hawezi kujibu maswali. Basi wakamdunga penisilini.

Yuko hai leo kwa sababu nesi mmoja wa zamu ya usiku aliona midomo yake inavimba, akakimbilia sindano ya adrenalini kabla ya kuulizwa na mtu. Nesi huyo hatumjui kwa jina, lakini twamshukuru. Mwenzetu anatembea kwa miguu yake, na mwezi uliopita alilipa ada ya chama.

Kamati ya tawi iliona haifai kunyamaza. Tulichagua watu watatu wakaenda kuuliza kwa heshima. Kule zahanati walionyeshwa maneno yenyewe ndani ya kompyuta: "Asipewe penisilini." Yapo mpaka leo. Lakini yaliandikwa katika kisanduku cha maelezo mengine, maana kile kisanduku cha dawa zinazokataliwa kinataka mtu achague jina la dawa katika orodha, na siku ile orodha haikufunguka. Daktari ana wagonjwa arobaini mlangoni, afanyeje? Akaandika palipokubali. Kule hospitali kubwa tukaonyeshwa ya kuwa mashine yao hutazama kisanduku kimoja tu, kile cha dawa zinazokataliwa, na hayo maelezo mengine haiyaleti mbele ya macho ya nesi. Na sheria ya karatasi ile inayopita kwa mtandao yaruhusu kisanduku hicho kiwe kitupu. Kwa hiyo barua ilikuwa sahihi, ilipokelewa sahihi, ikawekwa mahali pake sahihi, na nusura iue mtu.

Tukawauliza mafundi wa upande wa kwanza. Wakasema, "Mashine yetu ilipimwa ikapasi." Tukawauliza wa upande wa pili. Nao wakasema, "Yetu pia ilipimwa ikapasi." Ndugu zetu, wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo tulipoogopa.

KUPIMWA PEKE YAKE NA KUPIMWA PAMOJA

Jambo hili mtu wa reli aweza kulielewa upesi kuliko msomi, maana sisi tunaishi nalo. Reli ilifika hapa Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Upana wake kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja. Uganda mita moja, na reli ya kati ya Tanganyika mita moja. Kwa sababu hiyo behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kufika gatini kwetu, likasukumwa juu ya daraja la kupandia, likaingia juu ya reli zilizo ndani ya meli ya Uhuru iliyoanza kazi mwaka 1966, likavuka ziwa, likateremka Mwanza au Port Bell, wala gunia moja halikuguswa. Meli ile ililala miaka mingi, ikarudi kazini mwaka 2019, na behewa bado linaingia vilevile, maana kipimo hakikubadilika.

Sasa tazameni penye vipimo viwili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, ina upana wa milimita 1,067. Ile ya kati ina 1,000. Tofauti ni milimita 67, kama vidole vinne tu. Ukisimama mbali huioni. Lakini kwa ajili ya vidole hivyo vinne ilibidi kujengwa stesheni nzima kule Kidatu ya kuhamishia mizigo kutoka behewa hili hadi lile. Na hapa kwetu reli mpya iliyofunguliwa Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na kufikishwa upande wa Naivasha mwaka 2019, ina milimita 1,435. Kontena la Kisumu au la Uganda likifika huko sharti liinuliwe kwa mashine na kuwekwa juu ya behewa la reli ya zamani. Hakuna aliyefanya kosa katika kujenga. Kila reli ni nzuri mahali pake. Lakini zikikutana hazisikilizani.

Kompyuta za hospitali ni hivyo hivyo. Kila kiwanda kinatengeneza programu kwa upana wake. Moja inaandika tarehe siku kwanza, nyingine mwezi kwanza, basi tarehe 3 Aprili inakuwa tarehe 4 Machi. Moja inapima sukari ya damu kwa kipimo ambacho 7 ni nambari ya kuonya, nyingine kwa kipimo ambacho sukari ile ile inaandikwa 126. Nambari ikisafiri bila kipimo chake, nesi wa upande wa pili ataona nini? Ataona mtu mzima kuwa maiti, au maiti kuwa mtu mzima.

Basi twataka mwanachama ashike tofauti ya vipimo viwili. Cha kwanza ni kupima kitu kimoja peke yake kwa kukilinganisha na kitabu cha sheria. Behewa likitoka karakana, mkaguzi anachukua kipimo chake cha chuma, anapima nafasi ya magurudumu, urefu wa bafa, na ndoano. Likilingana na kitabu, linapita. Cha pili ni kuliunga behewa hilo na mengine, kufunga mipira ya breki, dreva akajaza, na gadi akaenda mpaka behewa la mwisho kabisa akasome geji kwa macho yake. Mtu yeyote wa reli anajua ya kuwa mabehewa ishirini yaliyopasi moja moja yaweza kufanya treni isiyosimama. Bomba moja likifungwa katikati, dreva atavuta breki na nyuma hawatasikia kitu. Ndiyo sababu treni haiondoki kwa cheti cha karakana peke yake. Inaondoka baada ya geji ya nyuma kusomwa.

Mashine zile mbili zilizomdunga mwenzetu zilikuwa na vyeti vya karakana. Geji ya nyuma haikusomwa na mtu.

SI JAMBO GENI DUNIANI

Mtu asije akatuambia ya kuwa twadai mambo yasiyowezekana. Watu wa kompyuta za hospitali wameliona shida hili zamani. Mwaka 1987 walianzisha huko Marekani chama kinachoitwa HL7 ili waandike lugha moja ya kupelekeana habari za wagonjwa. Mwaka 2011 Mwaustralia mmoja, Grahame Grieve, alianza kuandika lugha mpya iliyo rahisi zaidi, na ndiyo inayotumika sasa katika nchi nyingi, jina lake FHIR, hutamkwa "faya". Tena tangu mwisho wa miaka ya 1990 wenye viwanda wamekuwa wakikutana Marekani na Ulaya katika ukumbi mmoja, kila mmoja na mashine yake, kwa siku kadhaa. Hapo mashine ya kiwanda hiki inapeleka barua ya mgonjwa wa kubuni kwa mashine ya kiwanda kingine, na mtu asiye wa upande wowote anasimama kutazama kama iliyoandikwa ndiyo iliyosomwa. Kushindana na mwenyewe hakuhesabiwi. Lazima upasi na wengine.

Sisi tuliosoma shule za misheni tuliyafanya hayo bila kompyuta. Mwalimu alisoma imla, tukaandika, halafu akasema, "Badilishaneni madaftari." Jirani yako ndiye aliyesoma ulichoandika, tena kwa sauti. Ukijisomea mwenyewe, hata makosa yako unayasoma sawa, maana unajua ulitaka kusema nini. Jirani hajui. Anasoma kilichopo. Kazi yote ya kupima kompyuta za hospitali ni hiyo: badilishaneni madaftari.

Na Kenya yetu si nchi ya kuanza leo. Kule Mosoriot, karibu na Eldoret, zahanati ilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta mwaka 2001, kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Katika kazi ile ilizaliwa programu ya OpenMRS, ambayo leo yatumika katika nchi nyingi, na juu yake ikajengwa KenyaEMR iliyo katika mamia ya zahanati na hospitali zetu, hasa za wagonjwa wa Ukimwi. Watu wa Nyanza twajua maana yake. Mvuvi anaanza dawa Usenge, samaki wakihama anafuata Mfangano, kisha Dunga. Akifika kila pwani lazima aipate dawa ile ile, bila kuanza kujieleza upya mbele ya watu. Kwa mtu huyu kompyuta zinazosikilizana si anasa, ni uhai wake.

Serikali nayo ilitunga Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023, ili nchi iwe na mfumo mmoja wa habari za afya ambao hospitali zote zitaungana nao. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondoka, ikaingia SHA. Tangu hapo mshahara wa kila mmoja wetu unakatwa asilimia 2.75, yaani kwa kila shilingi elfu, shilingi ishirini na saba na senti hamsini, kabla hujanunua unga. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotoka mwaka 2025 ilitaja mfumo wa kompyuta wa bima hiyo kuwa ni wa shilingi bilioni 104.8, na ikasema ya kuwa umiliki wake si wa Serikali. Wakubwa wanabishana juu ya hayo, na hatutaki kuamua kesi yao. Sisi twasema jambo moja dogo: anayekatwa mshahara ana haki ya kuuliza kama kitu kilichonunuliwa kimepimwa, na kimepimwaje.

TAA ILIYOZIMIKA

Tumeulizwa na fundi mmoja, kijana mwema, "Mngetaka tupime nini zaidi? Kisanduku kilikuwa kitupu. Mashine itajuaje?" Jibu letu liko katika kitabu cha sheria za reli, na kila dreva na kila faiaman wa zamani alilijibia katika mtihani. Ukikaribia signali usiku, ukakuta taa yake imezimika, hupiti ukisema, "Sikuona nyekundu." Signali isiyo na taa ihesabiwe kuwa inakataza. Unasimama, unauliza, unapewa ruhusa, ndipo unakwenda. Sheria hiyo iliandikwa kwa damu ya watu waliodhani giza ni ruhusa.

Kisanduku kitupu ni taa iliyozimika. Kuna tofauti kubwa kati ya maneno haya mawili: "Tumemwuliza, hakuna dawa inayomkataa," na "Hatujui." La kwanza ni kijani. La pili ni giza. Mashine ya hospitali ile ilionyesha giza kana kwamba ni kijani, na mtu aliyechoka saa nane ya usiku akapita. Lugha ile ya FHIR ina namna ya kuandika "hakuna" mbali na namna ya kuandika "haijulikani". Kwa hiyo shida si uchache wa maneno. Shida ni kwamba siku ya kupima hakuna aliyeleta mgonjwa wa aina hii. Walileta mgonjwa mzuri: jina moja, ugonjwa mmoja, visanduku vyote vimejaa, mtandao unawaka. Treni ya namna hiyo hata mtoto aweza kuiendesha.

Kama wangetuita, sisi tungewapa wagonjwa wa kubuni wanaofanana na watu wa hapa. Tungewaletea pacha wawili, Opiyo na Odongo, mama mmoja, baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, simu moja ya nyumbani, tuone kama mashine itawafanya mtu mmoja na kumpa Odongo dawa ya Opiyo. Tungewaletea mama aliyeandikishwa kwa jina la Atieno katika zahanati, na kwa jina la ubatizo katika kitambulisho, na kwa jina la mume katika bima. Tungewaletea mzee asiye na tarehe ya kuzaliwa, aliyezaliwa mwaka wa mafuriko. Tungewaletea mvuvi mwenye zahanati tatu. Tungekata umeme katikati ya barua, tuone kama nusu yake itahesabiwa kuwa barua nzima. Na tungewaletea mwenzetu wa genge, mwenye neno lake katika kisanduku kisichostahili, siku ambayo orodha haikufunguka.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wako watakaosema ya kuwa kupima hivyo kutachelewesha kazi na kula fedha. Ni kweli kutachelewesha. Kupima breki pia kunachelewesha treni. Hakuna stesheni masta aliyeipenda dakika ile, na hakuna mwenye akili aliyeifuta.

Wako watakaosema afadhali turudie karatasi tu. Hapana. Hatukubali. Daftari la mwenzetu lilikuwa na wino mwekundu, lakini lilikuwa juu ya kabati maili thelathini mbali. Daftari huloa mvua, huliwa na mchwa, watoto hulichania kuwashia moto. Sisi hatupigani na kompyuta. Twataka kompyuta iwe na uaminifu wa daftari, na miguu ya mtandao.

Wako watakaosema, "Nyinyi ni nani? Waachieni wenye ujuzi." Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilizihukumu sheria hizo mpya za afya kuwa hazifuati Katiba, na moja ya sababu ni kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo na kazi ikaendelea. Lakini swali halikufa kwa kusimamishwa. Mwenye kudungwa sindano ana ujuzi wake.

Na wako wenzetu wenyewe, na hawa twawasikiliza zaidi, wanaosema, "Kompyuta zikisikilizana sana, kesho ofisi ya reli itajua nina ugonjwa gani, nami nitaachishwa kazi." Hofu hiyo si upuzi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimewekwa humo kuwa habari za kulindwa zaidi. Lakini sheria ni maneno mpaka ipimwe. Katika reli hatupimi njia iliyofunguliwa tu, twapima pia ya kuwa njia iliyofungwa imefungwa kweli, na pointi zimeshika. Vivyo hivyo siku ya kupima ajaribu karani wa mwajiri kufungua faili la mgonjwa. Akifaulu, mashine imeanguka mtihani, hata kama mengine yote imepata mia kwa mia.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo kamati ya tawi imekubaliana mambo haya, na tutayapeleka kwa Serikali ya Kaunti, kwa wenye bima, na kwa wakubwa wa hospitali:

1. Mashine mbili zisiunganishwe kwa wagonjwa wa kweli mpaka zimepimwa pamoja kwa wagonjwa wa kubuni. Na kila programu ikibadilishwa zipimwe tena, maana behewa likirudi karakana hata kwa msumari mmoja hukaguliwa upya.

2. Manesi, makarani wa faili na watu wa maabara wawepo siku ya kupima, na wawe na haki ya kukataa. Mkaguzi wa mabehewa aweza kuizuia treni hata kama mkubwa ana haraka. Nesi naye apewe uwezo huo.

3. Matokeo yabandikwe ukutani, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Cheti kilichofungiwa kabatini hakimsaidii mtu.

4. Mahali patupu paonyeshwe kwa neno "haijulikani", mbele ya macho ya mwenye sindano, na asiweze kupita bila kuuliza.

5. Kila zahanati iwe na kitabu cha kuandikia siku mtandao umekatika, na njia ya kuyaingiza maneno hayo baadaye bila kupotea.

6. Habari za ugonjwa zisifike kwa mwajiri, na mlango huo upimwe kwa kusukumwa.

Nanyi wanachama mna kazi yenu. Msiache daftari nyumbani kwa sababu mmeambiwa mtandao unatosha. Mwenye dawa inayomkataa amwambie mke wake, watoto wake, na mwenzake wa genge, maana siku ya homa kinywa chake hakitasema. Ukiwa mbele ya daktari mwulize, "Bwana Daktari, umeandika hapo ya kuwa dawa fulani hunikataa? Nionyeshe." Kuuliza si ujinga. Na nesi akikuuliza swali lile lile mara ya tatu usimkasirikie. Anasoma geji ya nyuma.

Mwenzetu wa genge alikuja mkutanoni Jumapili iliyopita. Alikaa nyuma, hakusema neno mpaka mwisho. Halafu akasimama akasema ya kuwa hana kesi na mtu, ila anataka kujua kitu kimoja: kama lile neno lake limeshahamishwa kutoka kisanduku kile hadi hiki. Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Kesho yake katibu alikwenda zahanati. Lilikuwa bado mahali pale pale. Daktari alilihamisha mbele ya macho yake, wakapiga simu hospitali kubwa, nesi akafungua skrini, akasoma kwa sauti: "Penisilini. Asipewe."

Ilichukua dakika kumi na moja. Hiyo ndiyo kazi tunayoomba ifanywe kwa kila mtu, kabla ya sindano.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Kisumu